Mpira Juu, Mtu Chini

Kabla hamjasema neno, niseme mimi. Hoja iliyompeleka Isack ng'ambo ilikuwa yangu, na maneno yaliyomfunga mdomo Mama Bhagwati yalitoka katika kinywa hiki hiki kinachokunywa mtori wa ndizi kila asubuhi kana kwamba hakikufanya kitu. Watu wa klabu wananionea huruma, wanasema tulikosea sote. Huruma yao waipeleke kwingine. Tulikuwa watatu mezani, na mmoja wetu alisema kweli.

Mimi ni Eliakim, mtu wa Uru, mwalimu mstaafu wa michezo. Nilisimama golini miaka kumi na minane, na magoti yalipokataa nikaanza kufundisha vijana mpira wa magongo. Mchezo huu uliletwa Moshi na Masingasinga, na sisi watoto wa Kichagga tulikuwa tukiuchungulia kwenye uzio, mpaka siku moja wakapungukiwa na golikipa wakaniita. Ndivyo nilivyoingia, na ndivyo nilivyomwingiza Isack. Nilimkuta kwenye uzio ule ule, ana miaka tisa, ameshika fimbo ya mti wa kahawa aliyoichonga mwenyewe ikapinda mwishoni kama gongo. Nilimwambia aruke aingie, akaruka.

Klabu yetu ina uwanja mmoja wa nyasi, banda la mabati lenye meza ndefu, na kamati ya uteuzi ya watu watatu. Mwenyekiti ni Badrudin, Mwismailia mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtu mpole anayependa mambo yaishe kabla chai haijapoa. Wa pili ni Mama Bhagwati, mama wa Kihindu wa miaka sabini na mitatu, mzaliwa wa hapa hapa Moshi. Hajawahi kushika gongo hata siku moja, lakini ameandika kila mechi yetu tangu marehemu mumewe alipokuwa nahodha: nani kafunga, dakika ya ngapi, mpira ulitokea upande gani. Wa tatu ni mimi.

Mwezi wa kumi mwaka jana tulipata barua pepe kutoka kwa Simran, binti wa fundi mmoja wa zamani wa klabu aliyerudi Punjab na familia yake. Simran sasa anafanya kazi katika ofisi ya klabu ya huko, klabu ya kulipwa, ambako kijana akisajiliwa analala, anakula na kupokea mshahara kwa sababu ya gongo. Walikuwa wanatafuta kijana mmoja wa kutoka huku kwetu, awe hajatimiza miaka ishirini na moja siku ya kuondoka. Wangemjaribu wiki sita, na akifaa wangempa mkataba wa miaka miwili. Sisi tupeleke jina moja pamoja na video ya mechi. Simran alitueleza waziwazi kwamba aliiomba nafasi hiyo kwa mapenzi ya Moshi, na kwamba ikiharibika hataweza kuiomba tena.

Mjue kwamba katika miaka yote ya klabu yetu hatujawahi kutoa mchezaji wa kulipwa hata mmoja. Mpira wa magongo nchi hii hauna mshahara; una soksi za kujinunulia mwenyewe. Kwa hiyo nilipoisoma barua ile, jina nililokuwa nalo kichwani lilikuwa moja.

Isack alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake, Yuditha, ni mjane mwenye kihamba kidogo cha migomba na kahawa kule Uru, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Isack alikuwa mpagazi, anawabebea wageni mizigo mlimani, na siku ambazo hayuko mlimani yuko uwanjani. Mwaka ule kampuni moja ilikuwa imemchagua aanze mafunzo ya uongozaji wa wageni mlimani mwezi wa kwanza. Mpagazi akiwa kiongozi maisha yake yanabadilika, kila mtu wa mlimani anajua. Kwa hiyo tulichokuwa tunakiamua mezani pale kilikuwa kizito: tukimwita Isack, anaacha ile nafasi.

Wa pili alikuwa Tushar, miaka ishirini, mjukuu wa mdogo wake Mama Bhagwati. Alikuwa kijana mnene kidogo, mkimya, anayefanya kazi kwenye ghala la saruji la familia yao, na jioni magunia yakishapangwa alikuwa akipiga mpira ukutani, mwenyewe, kwenye ile sakafu ya sementi. Alicheza kiungo. Mbio hakuwa nazo. Angetimiza ishirini na moja tarehe kumi na nne Januari, na wa kwenda alitakiwa kuondoka tarehe tano.

Sasa niwaambie Isack alivyokuwa anacheza, maana bila hilo hamtanielewa. Moshi hatusemi kaskazini wala kusini. Mlimani ni juu, mjini ni chini, na hata ndani ya nyumba mtu atakuambia kikombe kiko upande wa juu wa meza. Uwanja wetu umelala kukatiza mlima, kwa hiyo una ubavu wa juu na ubavu wa chini. Isack alikuwa akimkimbilia beki moja kwa moja. Akimfikia, anausukuma mpira upite ubavu wa juu wa beki, yeye mwenyewe anapita ubavu wa chini. Beki anageuka kuufuata mpira, na mpira unakunja, unashuka taratibu nyuma ya mgongo wake, unamkuta Isack ameshafika anausubiri. Mimi ndiye niliyemfundisha. Tangu ana miaka tisa nilikuwa nasimama kando na kupiga kelele maneno manne tu: mpira juu, mtu chini. Watu wakija kumwona walikuwa wanacheka kwa furaha, na mimi nilikuwa nacheka nao.

Basi tukakaa Jumamosi mchana, chai mezani, kilele cha mlima kimejificha mawinguni kama kawaida yake. Badrudin alisema tupime thamani ya kila kijana kwa haki, mbio, mkono, umri na tabia. Mimi sikungoja. Nilisema Isack ana mapafu ya mtu anayebeba kilo ishirini mpaka kambi za juu, amefunga magoli thelathini na manne kwa misimu miwili, na mkono ule Mungu hautoi mara mbili katika mji mmoja. Nilisema mchezaji wa namna hiyo bei yake haijulikani kwa sababu bado anakua.

Mama Bhagwati alisema Tushar hapotezi mpira. Nikajibu kwamba kutopoteza mpira si kipaji, ni woga. Badrudin alicheka, na mimi nikaona nimeshinda nusu. Mama hakucheka. Alisema pasi za Tushar zinafika, zinafika hapa na zinafika ugenini, na kwamba magoli mengi ya Isack yalianza kwenye gongo la Tushar. Nilisema hata mtoa maji anafikisha maji, lakini hatumpeleki Punjab.

Ndipo alipofungua daftari lake. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari, akasoma polepole. Magoli thelathini na manne. Thelathini na mawili yamefungwa kwenye uwanja wetu. Ugenini, mechi tisa, magoli mawili. Na katika yale thelathini na mawili, ishirini na tisa mpira ulitokea juu ukashuka.

"Mimi sijui kucheza, Mwalimu, najua kuandika tu," alisema. "Kijana huyu anafunga kwenye uwanja mmoja, kwa njia moja. Huko Punjab watampa uwanja huu?"

Badrudin aliacha kukoroga chai. Mimi na yeye tulitazamana mara moja tu, kisha kila mmoja akatazama pembeni, kwa sababu mama yule bila kujua alikuwa ameweka kidole kwenye kidonda chetu.

Ilikuwa hivi. Zamani, kabla Isack hajazaliwa, klabu ilitaka kuchora mistari upya, na mimi na Badrudin tukaenda kupima uwanja. Tulichukua bomba refu la plastiki tukalijaza maji, kama mafundi wanavyopima msingi. Yeye akashika ncha moja ubavu wa juu, mimi nyingine ubavu wa chini. Uwanja wetu ulikuwa umeinama kwa futi nne kuelekea ubavu wa chini. Kwa macho huoni. Mlima uko nyuma, mji uko mbele, na kwa mtu wa Uru, ambako kwetu hata jiko limejengwa kwenye mteremko, uwanja ule ni tambarare kabisa. Lakini futi nne zilikuwepo. Badrudin alikuwa na vifaa vya kuusawazisha. Tulikaa kwenye majani tukafikiria, tukaona kwamba timu za Arusha na Dar zikija hapa zinafungwa na hazijui kwa nini. Tukaona ni baraka. Tukakubaliana tunyamaze.

Tukanyamaza kweli. Tulishinda nyumbani na kufungwa ugenini miaka yote hiyo, na kila tulipofungwa tulisema ni uchovu wa safari, ni chakula, ni waamuzi. Nikaanza kuwafundisha vijana kucheza na mteremko bila kuwaambia kwamba ni mteremko. Mtu anaweza kuficha jambo kwa wengine muda mrefu hadi likafichika hata kwake mwenyewe. Siku ile mezani, naapa, nilikuwa nimeshaamini kwamba ni mkono wa Isack unaoukunja mpira.

Naapa, halafu najua naapa uongo. Kwa sababu Mama Bhagwati alipouliza vile nilikumbuka lile bomba la maji. Nikajua. Nikaona pia kwamba nisipofanya kitu Badrudin atakohoa, atasema, "Mwalimu, kuna lile jambo," na Isack atabaki. Nilitaka kijana mmoja wa Uru aende. Nilitaka mtu niliyemtoa kwenye uzio apande ndege kwa sababu ya gongo. Basi nikafanya nilichofanya.

"Mama," nilimwambia, kwa upole kabisa, "mwamba ngoma huvutia kwake. Hatukulaumu. Kila bibi angemtetea wa kwake."

Mama Bhagwati alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sari, akaifuta tena. Miaka yote hiyo ya kuandika, mwanamke yule hakuwahi kumwongezea mtu goli wala kumpunguzia, hata mumewe. Tulikuwa tukimtania kwamba siku ya kiyama malaika wataazima daftari lake. Na mimi nilikuwa nimemwambia anapendelea.

"Andikeni Isack," alisema hatimaye. "Andikeni kwamba ni sote watatu."

Tukaandika. Chai ilikuwa haijapoa bado.

Isack aliiacha ile nafasi ya uongozaji, ikaenda kwa jirani yake Fabian. Jumapili ya kuagwa mchungaji alimwita mbele ya madhabahu, usharika wote ukamwombea, na baadaye Yuditha akatulisha kiburu cha ndizi na maharage, na nyama, uani kwake hadi tukachoka. Yuditha alinishika mkono mbele ya watu akasema Mungu alininyima mtoto wa kiume ili nimlee wake. Nilikunywa pombe nyingi ya mbege siku hiyo. Uwanja wa ndege Isack alinipa shikamoo kwa kuinama sana, kisha akasema jambo la kunitoa machozi, na machozi yalitoka, ingawa leo nalilia vingine.

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Nitacheza ulivyonifundisha. Mpira juu, mtu chini."

Wiki ya tano, katikati ya Februari, Simran alimpigia Badrudin simu, kisha akatuma video. Tulikusanyika tena bandani sisi watatu. Mama Bhagwati alikuja na daftari lake kama kawaida, akakaa kiti kile kile. Tangu siku ile ya uteuzi alikuwa ananisalimu vizuri, ananiuliza habari za magoti, na hapo hapo mazungumzo yanaisha.

Uwanja wa kule ni zulia la buluu, linamwagiwa maji kabla ya mechi, na limenyooka kama meza ya bwana harusi. Tulimwona Isack amevaa jezi ya njano, amenenepa kidogo, anapendeza. Akapata mpira. Akamkimbilia beki moja kwa moja, akausukuma upande mmoja, yeye akapita upande wa pili. Mpira ulikwenda. Ulinyooka, ukapita beki, ukapita mstari, ukatoka nje, na Isack amesimama nyuma ya beki, gongo liko tayari chini, anausubiri ushuke.

Alifanya hivyo mara kumi na moja. Nilihesabu, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya na macho yangu. Kila mara anafika pale pale, anasimama pale pale, anatazama. Baada ya mara ya sita wenzake waliacha kumpa pasi. Sauti ya mtu mzima ilisikika kwenye video ikisema kitu kwa Kipunjabi, na wengine wakacheka. Badrudin alimuuliza Simran kwenye simu maana yake nini. Simran alisita, kisha akasema kocha anauliza kijana huyu anamsubiri nani.

Walikuwa wanamrudisha. Simran alituomba radhi, masikini, kama vile kosa ni lake. Kisha akaongeza kwamba kocha ameirudia ile video yetu ya kwanza, na ameuliza habari za kijana mwingine, namba sita, yule anayetoa pasi. Kocha alisema hajui namna gani mtu anapiga mpira ukanyooka vile juu ya majani mabaya kama yale. Kama umri wake unaruhusu, wangependa kumwona.

Tushar alikuwa na miaka ishirini na moja na mwezi mmoja. Tena hakuwa Moshi. Baba yake alikuwa amemhamishia Bomang'ombe, kwenye tawi jipya la duka, na gongo alikuwa amelitundika. Badrudin alimjibu Simran kwa sauti ndogo kwamba umri hauruhusu. Baadaye akataka kutufariji, akasema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Nilimwambia koleo lenyewe lilikuwa moja na tumelivunja kwa mikono yetu. Mama Bhagwati alikuwa ameshika kalamu tangu mwanzo wa video. Alifunga daftari bila kuandika neno.

Asubuhi yake nilipanda Uru nikakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba cha baba yangu. Kwetu Uchaggani mtu aliyekosa akikuletea jani hilo huwezi kumkatalia, hata akiwa amekuulia ng'ombe. Nilishuka nalo mjini nimelifunga kwenye gazeti, nikabisha hodi kwa Mama Bhagwati. Sikujua kama atalielewa. Nilimpa kwa mikono miwili, nimeinamisha kichwa, mzee mzima na mvi zangu.

Alilipokea. Alilitia kwenye glasi ya maji, akaiweka dirishani karibu na miungu yake, akaniambia nikae.

"Nimezaliwa mji huu, Mwalimu, najua jani hili halirudishwi," alisema. "Yangu yameisha. Lakini Isack anarudi Alhamisi na hajui kwa nini ameshindwa. Nani atamwambia?"

Hakurudia swali. Aliniletea chai, tukainywa, nikaondoka.

Isack alirudi, na nikagundua kwamba hajui kweli. Alidhani mkono wake umekufa. Alisema ni baridi ya kule asubuhi, ni gongo jipya walilompa, ni kukosa ndizi. Mama yake alimkanda mkono ule kwa mafuta ya kondoo kila jioni. Nilikwenda kumwona siku ya kwanza nikiwa na maneno yote mdomoni, nikarudi nayo. Siku ya pili vivyo hivyo.

Siku ya nne alinifuata nyumbani anakimbia, anahema, uso unang'aa. Alikuwa ametoka uwanjani. Alisema amejaribu peke yake, ameweka viti badala ya mabeki, na mpira unakunja. Unakunja kama zamani, kila mara. Mkono umerudi. Amekwishawaambia wale wa kampuni ya mlimani kwamba asihesabiwe tena, hatarudi kubeba mizigo. Alitaka tumwandikie Simran siku hiyo hiyo, aombe wiki sita nyingine.

Ningeweza kumwacha na furaha ile. Nimefikiri mara nyingi, ningeweza kujifanya nimemwandikia Simran, kumwambia Isack wamekataa, na kumwacha aendelee kuamini mkono wake hadi uzeeni, mfalme wa uwanja mmoja. Lakini angengoja. Angekaa anangoja Punjab kama alivyosimama nyuma ya beki, na kila mwaka ungepita moja kwa moja ukatoka nje. Basi nilimwambia avae viatu, tukapitia dukani kwa Badrudin. Badrudin alipoona nani amekuja na nani alielewa. Alitukabidhi lile bomba la plastiki bila kuuliza, akaingia ndani ya duka.

Tulilijaza maji. Nilimpa Isack ncha moja nikamwambia ashuke ubavu wa chini, mimi nikabaki ubavu wa juu. Nilimwambia ainue ncha yake mpaka maji yatulie. Mimi nilipiga magoti, maana kwangu maji yalitulia kwenye kifundo cha mguu.

"Yako wapi?" nilimuuliza.

Tulikuwa mbali, nusu ya uwanja na zaidi, lakini nilimwona anatazama lile bomba, kisha anautazama uwanja wote kuanzia kwake kuja kwangu.

"Yako kifuani, Mwalimu."

Alilishikilia muda mrefu. Kisha akaliweka chini taratibu, maji yakamwagika, akapanda kuja nilipo. Nilitaka apige kelele. Nilitaka anitukane, nimwekee na yeye isale, tumalize. Aliniuliza tu kama nilijua. Nikasema nilijua. Akauliza tangu lini, nikamwambia tangu kabla hajazaliwa. Akakaa kwenye majani kando yangu.

"Mimi nilidhani ni mkono wangu," alisema.

Nilimwambia mkono pia ulikuwepo. Nilimwambia si kila mtu angeweza kuutumia mteremko vile, kwamba yeye bado ni mchezaji. Nilisema mengi. Mimi mwenyewe nilikuwa nayasikia maneno yangu yakipita tupu.

Mwezi wa nne timu ya Arusha ilikuja, mechi ya kwanza ya msimu, na Badrudin alimsihi Isack acheze. Alikubali kwa heshima. Alikuwa amerudia upagazi, ameteremka mlimani juzi yake, amebeba mzigo wa msafara ambao kiongozi wake alikuwa Fabian. Mabega yalikuwa na alama za kamba. Watu walimpigia makofi alipoingia, maana kwao bado alikuwa Isack yule yule aliyekwenda ng'ambo, na Yuditha alikuwa amekuja na kitenge chake cha kanisani, amekaa benchi la mbele karibu na Mama Bhagwati na daftari lake.

Kipindi cha pili alipata mpira katikati. Mbele yake alikuwa beki mmoja tu, mrefu, mgeni wa uwanja wetu, asiyejua kitu. Watu wakasimama. Isack akamkimbilia moja kwa moja kama zamani, akausukuma mpira ukapita ubavu wa juu. Nikajikuta nimetoka kwenye kiti, nimefungua mdomo nipige zile kelele zangu. Na hapo akasimama. Hakwenda chini. Alisimama mbele ya beki akautazama uwanja, majani, mteremko ambao miaka kumi miguu yake iliujua na kichwa hakikujua. Alikuwa anaupima.

Mama Bhagwati aliinua kalamu. Mpira ulikunja, ukashuka nyuma ya mgongo wa beki taratibu, ukafika pale pale unapofika siku zote. Hapakuwa na mtu.